Kiwanja, hati na jina: nani anapata nyumba mjini, na watafiti wanasema nini

Pamba ikishauzwa Bunda, au ng'ombe wakishapigwa mnada, familia nyingi za Mara hukaa chini na kupiga hesabu moja: tununue kiwanja Musoma mjini? Wengine wana mtoto anayepanga chumba Nyasho na wamechoka kutuma kodi kila baada ya miezi sita. Wengine wanataka nyumba ya kupangisha iwatunze uzeeni. Fedha hizo huwa ni jasho la miaka mingi, na zikipotea hazirudi kwa msimu mmoja.

Katika makala hii tunaeleza mambo mawili. La kwanza ni yale ambayo vyuo vikuu vimegundua kuhusu nani anafanikiwa kumiliki nyumba mjini na nani anaachwa nje. La pili ni hatua za kufuata kabla hujatoa fedha. Tafiti tunazozitaja zilifanyika Dar es Salaam, Mwanza na miji mingine ya Tanzania. Sheria inayotumika huko ndiyo inayotumika Nyasho, Bunda na Butiama.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Nyasho ni moja ya kata za Manispaa ya Musoma, na wasikilizaji wetu wengi wa vijijini wanaifahamu kwa soko lake. Sensa ya 2012 iliikuta manispaa nzima ina watu 134,327. Mkoa wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830 mwaka huo, na ilipofika sensa ya 2022 walikuwa 2,372,015. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu laki sita katika miaka kumi.

Watu hao wanahitaji pa kulala. Lakini mji wa Musoma umekaa kwenye rasi, na ziwa linauzuia kupanuka kila upande. Watu wakiongezeka na ardhi ikabaki ile ile, bei hupanda. Mwenye kipato kidogo husukumwa pembezoni, mahali ambapo viwanja havijapimwa na karatasi ni chache. Huko ndiko kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili.

Nani hufanya utafiti huu

Chuo kikuu kinachojulikana zaidi nchini kwa masuala haya ni Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1996, na 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Hapo ndipo wanakosomea wapima ardhi, wathamini na maofisa mipango miji wengi unaowakuta katika halmashauri. Maprofesa kama Lusugga Kironde na Wilbard Kombe wamefuatilia kwa miongo kadhaa jinsi Watanzania wa kawaida wanavyopata viwanja. Vyuo vya nje, vikiwemo vya Uingereza na Sweden, navyo vimefanya utafiti mkubwa hapa nchini.

Nyumba nyingi hujengwa bila benki

Katika nchi tajiri mtu hununua nyumba kwa mkopo wa benki na kuulipa kwa miaka 20 au 30. Kwetu njia hiyo ni nyembamba. Serikali ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na 1973 ikaanzisha Benki ya Nyumba Tanzania. Benki hiyo ilifilisika na kufungwa mwaka 1995. Sheria mpya ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, na 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ili kuzipa benki fedha za kukopesha kwa muda mrefu. Hata hivyo, mikopo ya nyumba nchini kote bado inahesabika kwa maelfu machache tu.

Tazama hesabu yenyewe. Riba ya mikopo hii kwa miaka ya karibuni imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Tuseme umekopa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 17, ulipe kwa miaka 15. Kila mwezi utalipa karibu shilingi 308,000. Hadi mwisho utakuwa umelipa zaidi ya milioni 55. Sasa linganisha na kima cha chini cha mshahara wa serikali kilichotangazwa mwaka 2022, ambacho kilikuwa shilingi 370,000. Mtumishi huyo angebaki na shilingi 62,000 za kula, kusomesha na kujitibu. Mkulima na mvuvi, ambao hawana hati ya mshahara, mara nyingi hawapokelewi kabisa.

Ndiyo maana wengi wetu hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu unanunua kiwanja, mwakani unachoma tofali, mwaka wa tatu unainua boma, na kupaua kunasubiri mavuno mengine. Watafiti hawaoni njia hii kuwa ni ujinga. Wanaiona kuwa ndiyo benki ya mtu asiye na benki. Hatari yake ni kwamba kila kitu kinasimama juu ya kiwanja. Kiwanja kikiwa na kasoro, tofali za miaka kumi zinakwenda nacho.

Tangu 2004 serikali imekuwa na mpango wa MKURABITA, uliotokana na mawazo ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto. Hoja yake ni kwamba maskini akipata hati ya ardhi yake, ataweza kukopa nayo. Tafiti zilizofuata zinaonyesha kwamba hati peke yake haileti mkopo, kwa sababu benki hutazama kwanza kama una kipato cha kulipa. Faida ya hati iliyo karibu zaidi na mtu wa kawaida ni nyingine: inakulinda usinyang'anywe.

Ugunduzi wa kwanza: kupima kabla watu hawajajenga

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, serikali ya Tanzania kwa mkopo wa Benki ya Dunia iliendesha mradi wa viwanja katika miji saba. Miji hiyo ni Dar es Salaam, Mwanza, Tabora, Tanga, Morogoro, Mbeya na Iringa. Mradi ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilichukua maeneo yaliyokuwa hayajajengwa. Viwanja vikapimwa, barabara zikachongwa, mabomba ya maji yakawekwa, kisha watu wakapewa viwanja wajenge wenyewe. Sehemu ya pili iliingia katika mitaa iliyokwisha kujengwa bila mpango na kuipelekea barabara na maji.

Dar es Salaam, Sinza na Kijitonyama ni mfano wa sehemu ya kwanza. Manzese ni mfano wa sehemu ya pili.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, watafiti wa vyuo vya Uingereza wakiongozwa na Guy Michaels walirudi kulinganisha maeneo hayo kwa kutumia picha za setilaiti na takwimu za kaya. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Waligundua kwamba mitaa iliyopimwa kabla ya kujengwa ina nyumba kubwa zaidi, mapaa bora na nyumba zilizojipanga vizuri. Mitaa iliyokarabatiwa baada ya watu kujenga haikupata faida kama hiyo. Sababu moja ni rahisi kuielewa: mahali ambapo mipaka na barabara vinajulikana, mtu haogopi kuweka fedha zake kwenye nyumba.

Lakini wako walioachwa nje. Watafiti hao waliona pia kwamba wanaoishi leo katika maeneo yaliyopimwa wana elimu zaidi kuliko wa maeneo mengine. Yaani eneo likishapendeza, wenye uwezo husogea hapo. Jambo la aina hiyo lilionekana tena katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002. Viwanja vilipimwa na kuuzwa kwa wingi, ila mtu wa kipato cha chini alipata shida kuvimudu, na baadhi ya walionunua walivikalia miaka mingi bila kujenga.

Ugunduzi wa pili: ushahidi wa majirani una nguvu, na una mwisho

Wilbard Kombe na mwenzake Volker Kreibich wa Ujerumani walichunguza jinsi viwanja visivyopimwa vinavyouzwa. Walikuta kwamba mambo hayaendi kiholela kama wengi wanavyodhani. Muuzaji na mnunuzi huenda kwa mjumbe au kiongozi wa mtaa, majirani wanaitwa kuonyesha mpaka, karatasi inaandikwa na mashahidi wanatia saini. Jamii nzima inajua nani ni mwenye kiwanja.

Utaratibu huu unafaa wakati watu ni wachache na wanafahamiana. Mtaa ukijaa, mashahidi wanahama au wanafariki, wageni wanaingia, na kila mmoja anasogeza ukuta wake kidogo. Mwishowe hakuna njia ya gari la zimamoto wala la kunyonya choo. Kwa hiyo karatasi ya mashahidi ni mwanzo mzuri, lakini usiishie hapo.

Profesa Kironde naye alionyesha, katika utafiti uliochapishwa 2006, kwamba kanuni zenyewe zinaweza kumfukuza maskini. Wakati huo kiwanja kidogo kabisa cha mjini kilitakiwa kuwa na mita za mraba 400. Watu wengi walikuwa na uwezo wa kununua eneo dogo zaidi ya hilo. Kwa kuwa kanuni haikuwaruhusu, walinunua nje ya mpango.

Ugunduzi wa tatu: bei ya hati, na jina la mama

Je, watu hawataki hati, au hawaimudu? Watafiti Daniel Ali, Matthew Collin, Klaus Deininger na wenzao walifanya jaribio katika Manispaa ya Kinondoni. Kaya zilichezeshwa bahati nasibu, na washindi wakapewa vocha za punguzo la gharama ya hati. Vocha za aina moja hazikuwa na masharti. Za aina nyingine zilikubaliwa tu kama jina la mwanamke limeandikwa kwenye maombi kama mmiliki au mmiliki mwenza.

Bei iliposhuka, watu wengi zaidi waliomba hati. Na lile sharti la jina la mwanamke halikuwakimbiza waombaji. Familia zilikubali kuandika majina mawili kwa urahisi kuliko ilivyotarajiwa. Yaani punguzo dogo linatosha kumwingiza mke kwenye hati bila ugomvi.

Kwa Mara jambo hili ni zito. Mjane anayefukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe si habari ngeni masikioni mwetu. Sheria iko upande wake kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Pamoja na haya yote, jina lililoandikwa kwenye hati humaliza ubishi haraka kuliko kesi.

Mpangaji, mtu asiyeonekana

Si kila mtu atanunua. Mwaka 2006 mtafiti Jenny Cadstedt wa Chuo Kikuu cha Stockholm alitoa utafiti kuhusu wapangaji wa jiji la Mwanza, jirani zetu wa ziwa hili hili. Alionyesha kwamba wapangaji ni wengi mjini, lakini sera ya nyumba humzungumzia mwenye nyumba na kumsahau anayepanga.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Tangu hapo ngao kubwa ya mpangaji ni mkataba wake. Ukimtuma mwanao kupanga chumba Nyasho, hakikisha mkataba umeandikwa na unataja kodi, muda, nani anatengeneza paa likivuja, na notisi ya kuhama ni ya siku ngapi. Kila malipo yawe na risiti.

Jambo jingine ni makato ya LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda hadi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama wewe mpangaji ndiye unayenunua umeme, zungumza naye akupunguzie kwenye kodi ya chumba. Na mwenye nyumba naye ajue kwamba kukatwa kodi hiyo si ushahidi kuwa kiwanja ni chako.

Kabla hujatoa fedha: hatua saba

1. Uliza ardhi hiyo ni ya kijiji au ya mji. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999. Muuzaji mmoja hawezi kukugawia bila kijiji kuridhia.

2. Omba namba ya kiwanja na kitalu, kisha nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uone ramani. Eneo linaweza kuwa limetengwa kwa barabara, shule au makaburi.

3. Kama kiwanja kiko karibu na ziwa au mto, pima umbali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji.

4. Kama muuzaji ana hati, omba upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Utajua jina la mmiliki halisi, na kama hati imewekwa rehani benki.

5. Tembea mipaka mchana, muuzaji akiwepo na majirani wakiwepo. Tafuta bikoni. Waulize majirani bila dalali kuwa karibu: nani mwingine amewahi kuonyeshwa kiwanja hiki?

6. Mwone mke au mume wa muuzaji. Kama ni mali ya urithi, omba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Mtoto mmoja wa marehemu hawezi kuuza peke yake.

7. Andikishaneni mbele ya wakili na mlipane kupitia benki au simu ili ibaki kumbukumbu. Weka majina ya wenye fedha wote kwenye mkataba, mume na mke. Kisha fuatilia uhamisho wa umiliki hadi mwisho. Watu wengi huishia kwenye mkataba na kuacha hati ikiwa bado na jina la muuzaji.

Muuzaji akikuharakisha, akisema kuna mtu mwingine anakuja na fedha jioni, hiyo ni sababu ya kusubiri.

Ugomvi ukitokea

Kuanzia mwaka 2021 sheria ilibadilika. Baraza la ardhi la kata halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Msipopatana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukienda baraza la kata, omba karatasi inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, kwa sababu utaihitaji huko mbele.

Maneno utakayokutana nayo

Barua ya toleo: barua ya kukujulisha kwamba umepewa kiwanja na masharti yake. Siyo hati yenyewe.

Hati miliki: hati ya ardhi iliyopimwa, hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99.

Hatimiliki ya kimila: hati ya ardhi ya kijiji, hutolewa na kijiji.

Leseni ya makazi: kibali cha muda mfupi kwa mwenye nyumba katika eneo la mjini lisilopangwa. Huisha muda na kuhuishwa.

Urasimishaji: kuupima na kuumilikisha mtaa ambao watu wamekwisha kujenga.

Bikoni: alama ya zege au chuma inayowekwa na mpima kwenye kona za kiwanja. Kuing'oa ni kosa.

Upekuzi: kuangalia kumbukumbu za serikali ujue kiwanja ni cha nani.

Kodi ya pango la ardhi: malipo ya kila mwaka ya mwenye hati kwa serikali. Muuzaji akiwa na deni lake, malizaneni kabla ya kuhamisha umiliki.